Dhahabu iko dakika ya ngapi? Namna ya kuwafanya wapenzi wa taarab asilia wazungumze

Weka wimbo wa zamani wa taarab kwenye kundi la WhatsApp, halafu subiri. Utapata mioyo myekundu, makofi, "zamani dhahabu", "hao ndio waimbaji bwana", "siku hizi hakuna muziki". Baada ya robo saa mtu ameweka tangazo la kiwanja, mwingine ameweka dua ya asubuhi, na wimbo umeshapanda juu, hauonekani tena.

Mimi ni admini wa kundi la wapenzi wa taarab asilia. Tuko watu wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba, na wachache walioko Muscat na Uingereza. Jambo moja naliamini kuliko yote katika kazi hii: watu hawakosi la kusema juu ya muziki wanaoupenda, wanakosa pa kuanzia. Mwonyeshe mtu pa kuanzia, utamkuta bado anaandika wakati wenzake wameshalala.

Na ni muhimu waandike, kwa sababu taarab asilia ina historia ndefu na maandishi machache. Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarab, ilianzishwa Unguja mwaka 1905. Mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Culture Musical Club, kikundi kingine cha Unguja, ina asili ya mwaka 1958. Haya makubwa yanajulikana. Lakini uliza dogo tu, kwamba nani alipiga fidla kwenye wimbo fulani wa kikundi cha Black Star cha Tanga, au kiitikio kile waliitikia kina nani, na mara nyingi jibu hulikuti popote pa kusomeka. Limo kichwani mwa mzee mmoja, na mzee huyo yumo kundini kwa simu ya mjukuu wake. Akisema sentensi mbili na mtu akaziandika, tumepata kitu ambacho jana hakikuwepo.

Uliza sikio kwanza

"Mnauonaje wimbo huu?" ni swali baya. Linamtaka mtu atoe hukumu kabla hajaulizwa alichosikia, na mwenye haya atanyamaza. Mimi huuliza kitu ambacho jibu lake limo ndani ya wimbo wenyewe, ili kila mwenye masikio aweze kujibu: "Sikilizeni mwanzo mpaka mwimbaji aingie. Chombo gani kinaongoza?"

Taarab imejaliwa hapa, maana vyombo vyake vinatofautiana sana kwa sauti. Udi una uzito, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, inamwaga noti nyingi kwa pamoja, nai, yaani filimbi, ina pumzi ndani yake, akodiani inajaza chumba. Kwenye nyimbo nyingi za Mombasa na Tanga utasikia taishokoto, ile sauti kali ya nyuzi inayobofywa kama taipureta, na anayeijua kwa nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh haichanganyi na chombo kingine. Mtu akishajibu "ni fidla", umempata. Muulize la pili: fidla inaimba pamoja na mwimbaji, au inamsubiri amalize mstari ndipo imjibu?

Swali hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na naomba ulijaribu. Katika taarab ya okestra, ala hupiga melodi ileile ya mwimbaji, kila mpigaji akiipamba kwa mkono wake, halafu mwimbaji anapovuta pumzi mwisho wa mstari, ala hujaza pengo lile kwa jibu fupi. Wasikilizaji wengi wameyasikia majibu hayo tangu utotoni, wengine wanayaimba kwa mdomo jikoni, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba nayo ni kitu cha kuzungumzia. Ukiwaambia wayahesabu na wachague lile linalowagusa, utaona maandishi yanavyotiririka. Huhitaji mtu ajue majina ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti au bayati au hijazi. Anayejua atawafundisha wengine baadaye, kwa nafasi yake.

Swali jingine ambalo halijaniangusha bado: "Ungekuwa ukumbini, ungesimama kutunza kwenye ubeti upi?" Kila aliyewahi kuingia kwenye taarab anajua maana yake. Mtu hainuki na noti mkononi ovyo, hungoja maneno yanayomhusu au yanayomchoma jirani yake. Kumwuliza angeinuka wapi ni kumwomba uhakiki bila kumtisha kwa jina hilo. Na akishataja ubeti, hawezi kujizuia kueleza sababu.

Sifa tupu ifuate kwa swali

Mtu akiandika "zamani dhahabu", usimpite na usimkejeli. Amesema ukweli wake kwa kifupi. Mfuate kwa upole. Mazungumzo yetu huenda hivi:

"Zamani dhahabu, Bi Shakila hana mfano."

"Shikamoo mama. Dhahabu iko dakika ya ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Yote dhahabu."

"Kweli mama. Lakini kama ungemchezea mjukuu sehemu moja tu, ungemchezea ipi?"

Kimya kidogo. Halafu: "Pale anapolishusha neno la mwisho kama anataka kulia, halafu halii."

Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta. Ina mahali, ina tendo la sauti, ina hisia, na hakuna mtu mwingine duniani angeiandika vilevile. Mimi huinukuu papo hapo ili kundi zima liione, kisha namuuliza yeyote mwingine kama anasikia hivyo. Mara nyingi atatokea wa kupinga: "Halii, anacheka huyo." Hapo nakaa pembeni. Mazungumzo yameshika yenyewe, na admini anayeendelea kuingilia kila baada ya ujumbe mmoja anayaua.

Jibu watu wa mwanzo haraka. Mtu aliyethubutu kuandika mistari mitatu juu ya nai, akakaa saa mbili bila kujibiwa na yeyote, hatarudia. Kama wewe huna muda, panga na wenzako wawili watatu ambao kazi yao ni kuhakikisha hakuna aliyeandika akaachwa peke yake.

Wazee waseme, vijana waandike

Wenye kumbukumbu nyingi zaidi ndio wenye shida ya kuchapa kwa kidole. Usiwalazimishe. Waombe ujumbe wa sauti, na waombe kwa adabu inayostahili: salamu kwanza, uulize hali ya mgonjwa kama nyumbani kuna mgonjwa, ndipo ufikishe swali, na swali liwe moja tu. "Maalim, huyu anayeimba kiitikio unamkumbuka?" Ukimpa mzee maswali sita kwa mpigo atajibu la kwanza na kuachia hapo.

Kisha mpe kijana kazi ya kuuandika ujumbe ule neno kwa neno, auweke chini ya sauti pamoja na jina la mwenyewe, kwa ruhusa yake. Kijana hupata zaidi ya alivyotegemea. Amesikiliza dakika nne za mzee mara nyingi ili asikosee, na akimaliza anaujua wimbo ule kuliko sisi wengine. Baadhi ya waandishi wetu bora walianzia kwenye kazi hiyo ya kunukuu.

Mzee akikosea mwaka au jina, na hutokea, mrekebishaji aanze kwa kushukuru, kisha aweke ushahidi, kama picha ya lebo ya santuri au maandishi ya kwenye kava la kaseti. Asiseme "si kweli". Mtu wa miaka sabini akiaibishwa mbele ya watu hatoki kundini kwa kelele. Ananyamaza tu, na kila alichokuwa nacho kinanyamaza naye.

Shairi mliandike pamoja

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Chagua wimbo ambao mashairi yake hayajaandikwa popote, mpe kila mtu ubeti mmoja, na muulinganishe hadharani. Hakuna kinachowachemsha watu kama mwenzao kusikia neno lisilo lao.

Mizani ndiyo inayokusaidia. Mashairi mengi ya taarab yanakwenda mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mstari, kwa hiyo ubeti ulioandikwa vibaya hujifichua. Nachukua mfano wa kutunga mwenyewe. Mtu ameandika: "Nimeketi ufukoni, nangoja lako tanga." Hesabu: ni-me-ke-ti-u-fu-ko-ni, nane. Na-ngo-ja-la-ko-ta-nga, saba. Kuna silabi imeangukia baharini. Rudini kwenye wimbo, msikilize pale tu, na mtakuta mwimbaji anasema "nangojea lako tanga". Mwanachama ambaye hakuwahi kusema neno kundini ataibuka kwa ajili ya silabi hiyo moja, kwa sababu ana hakika nayo.

Lakini mizani isigeuke kuwa fimbo. Mwimbaji huweza kuvuta irabu ikashika nafasi ya silabi mbili, au akaongeza "eee" isiyokuwemo kwenye shairi. Sikio ndilo linaloamua. Na shairi la Lamu au Mombasa liandikwe kwa lahaja yake. Mwimbaji akisema "mato", andika "mato", asije mtu wa bara kuyageuza "macho" akidhani anasaidia. Zein l'Abdin aliimba tungo za Ahmad Sheikh Nabhany, na ukiyanyoosha maneno ya watu hao yawe ya darasani, umewapokonya nusu ya kazi yao. Jina la mtunzi nalo liandikwe kila mara linapojulikana. Mwimbaji Juma Bhalo tunamtaja sana, ndugu yake Ahmad Nassir aliyemtungia tunamtaja kidogo, na hilo linaniuma.

Fumbo lina mpaka

Taarab inaishi kwa mafumbo, na watu watataka kufumbua. Waache. Kuuliza ua lile ni nini, chombo kile kinachokwenda mrama ni kipi, kwa nini ndege ameachiwa tundu wazi, ni uhakiki mtamu kuliko wote. Kila mmoja ataleta tafsiri yake, na zote zinaweza kusimama pamoja, maana hivyo ndivyo nyimbo hizi zilivyotungwa.

Mpaka uko pale mtu anapotaka kutaja fumbo lile lilimlenga nani. "Huu aliimbiwa mke wa fulani wa mtaa fulani." Mimi ujumbe huo naufuta, na namwandikia mwenyewe pembeni kumweleza sababu. Wajukuu wa fulani wanatumia simu, na pengine wamo humohumo kundini. Aibu iliyositiriwa kwa shairi miaka hamsini haifai kuvuliwa nguo kwa ajili ya maoni mengi. Yule aliyeandika hukasirika kidogo, kisha huelewa, maana naye ana bibi yake aliyewahi kuimbiwa.

Kutoka maoni hadi uhakiki

Baada ya miezi kadhaa utakuwa na watu wanaosikiliza kwa makini. Hapo waombe waandike uhakiki mfupi, sentensi sita au nane, wa rekodi moja. Nasisitiza rekodi, kwa sababu wimbo mmoja wa taarab huwa na maisha mengi. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti binti Saad hadi uzeeni, na hizo hazisikilizwi kwa sikio moja na santuri za Siti mwenyewe. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iseme nani, kikundi gani, na kama ni santuri, kaseti, redio au jukwaani.

Hili linaokoa watu wasihukumu kitu kisichokuwepo. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande. Mtu akiandika "wimbo mzuri ila unakatika ghafla, beti chache", anauhukumu ufupi wa santuri na kumtwika mwimbaji lawama. Wimbo huohuo ukumbini ungeweza kwenda robo saa na zaidi, kwa sababu watunzaji wanapanda na kushuka na mwimbaji anaurudia ubeti unaowapandisha.

Baada ya hapo, mwandishi aseme alichosikia, ataje mahali pake kwa dakika na sekunde, aulinganishe na rekodi nyingine moja anayoijua vizuri, na atoe hukumu yake. Hukumu lazima iwepo. Uhakiki unaomaliza kwa "kwa ujumla ni wimbo mzuri" naurudisha kwa mwenyewe na swali: mzuri kuliko upi?

Kwa vikundi vya sasa, kusema ukweli ni wajibu. Wako vijana wanaojifunza udi, kanuni na fidla kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Zanzibar, wanaunda vikundi na kuweka kazi zao mtandaoni. Tukiwamiminia makofi tu kwa sababu wametukumbusha ya kale, tumewapuuza. Waambiwe kwamba ngoma ya dumbaki iko mbele mno na imeifunika sauti, au kwamba kiitikio kinachelewa. Sharti langu ni kwamba kasoro itajwe kwenye sauti, isitajwe kwenye mtu: si umbo la mwimbaji, si mavazi, si ndoa yake. Andika ukijua atasoma, kwa sababu muziki wetu ni mdogo na kweli atasoma.

Ugomvi wa asilia na kisasa

Utakuja, hauepukiki. Mtu ataandika kwamba kinanda cha umeme kimeua taarab, mwingine atamtetea Khadija Kopa, mwimbaji wa taarab ya kisasa, kwa nguvu zote. Usiufunge mjadala huo, upe kazi ya kufanya. Mimi huweka rekodi mbili, moja ya okestra na moja ya miaka ya tisini wakati vikundi vya TOT na Muungano vinachuana, na kuuliza: kinanda hapa kimechukua nafasi ya vyombo vipi, na ni kipi kilichopotea ambacho unaweza kukionyesha kwa dakika? Kundini kwetu swali hilo limewaleta watu wa mipasho na watu wa Ikhwani Safaa kwenye meza moja. Wanaogundua kwamba Khadija Kopa aliwahi kuimba Culture Musical Club hupunguza ukali. Na wanaodai usafi wa asilia wakumbushwe kwamba Mombasa waliimba kwa tuni za filamu za Kihindi, na Unguja masikio yalikuwa Misri.

Saa, bando na mahali pa kuhifadhi

Weka siku moja na saa moja kila wiki, usiibadilishe. Sisi ni Jumapili usiku baada ya isha. Wimbo mmoja tu, kamwe usiweke albamu nzima, kwa kuwa mtu aliyepewa nyimbo kumi na mbili hana hata moja ya kujibia. Tuma kipande cha sauti cha dakika moja hivi, usitume video, watu wanabana bando, na uweke linki ya mahali rekodi kamili inapopatikana kihalali ili mwenye haki yake asinyimwe. Mwezi wa Ramadhani kundi letu haliweki nyimbo. Tunasoma mashairi yaliyokwisha kuandikwa na kusahihisha kumbukumbu, kisha Idi tunaanza na wimbo mkubwa.

La mwisho ni gumu kidogo lakini usiliache. Kilichoandikwa ndani ya WhatsApp hakitafutiki na mtu aliye nje, na simu ikiibwa bila nakala, kinakwenda nayo. Kila mwisho wa mwezi mimi na wenzangu wawili tunachagua maandishi bora, tunawaomba ruhusa wenyewe, na kuyapeleka mahali pa wazi: shairi lililosahihishwa tunaliweka kwenye maoni chini ya rekodi ileile YouTube, pamoja na jina la mtunzi na la mzee aliyetupa habari, na nakala tunaiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo zaidi ya mtu mmoja ana ufunguo wake. Mgeni akijibu pale, iwe ni mtoto wa mpiga fidla au mwanafunzi wa mbali aliyeipenda kanuni bila kujua jina lake, msalimie, mshukuru, na umuulize amesikia nini.